Mali Bila Daftari: Maabara za Vito, Lulu za Ghuba na Jiwe la Mirerani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuwasomea wenye maduka na makatibu wa vyama vya ushirika. Katika makala haya nataka kuiuliza swali ambalo yenyewe haikuliuliza: daftari likiwapo, lakini likashikwa na mtu mwingine, mali ni ya nani?

Swali hili nimelipata katika historia ya jambo linaloonekana dogo na la wataalamu wachache, yaani upimaji wa vito na lulu katika maabara. Mimi si mwanajiolojia. Ni mwalimu wa historia, na kinachonivuta katika maabara hizo si mashine zake bali karatasi inayotoka mwishoni, cheti. Karatasi hiyo husema jiwe ni nini, limetoka wapi na limefanyiwa nini. Kwa maneno machache hayo, bei ya jiwe lilelile inaweza kupanda mara nyingi au kuanguka kabisa.

Hoja yangu ni hii. Maabara ya vito ilizaliwa kutokana na hofu ya wafanyabiashara, katika mji walioishi wafanyabiashara hao. Tangu wakati huo, uwezo wa kusema "hiki ni nini" umekuwa sehemu ya bei. Nchi inayochimba bila kuwa na sauti inayoaminika katika kusema hivyo itaendelea kuuza jiwe na kununua jina lake.

Hofu ya mwaka 1921

Msomaji wa leo anaweza kushangaa akiambiwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 lulu ilishindana na almasi kwa thamani. Mwaka 1917 kampuni ya Cartier ilijipatia jumba lake la Fifth Avenue, New York, kwa kutoa mkufu wa lulu wa nyuzi mbili uliokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 1, pamoja na dola 100 taslimu. Chanzo cha thamani hiyo kilikuwa uhaba. Lulu ya asili hutokea kwa bahati ndani ya chaza, na ili kupata chache zilizo nzuri ilibidi chaza wafunguliwe kwa maelfu.

Kisha Japani ikaiondoa bahati hiyo. Kokichi Mikimoto alifanikiwa kukuza nusu-lulu mwaka 1893, na katika miaka iliyofuata Wajapani walibuni njia ya kupata lulu ya duara kamili. Punje iliyochongwa kutoka kwenye gamba la kome hupandikizwa ndani ya chaza, pamoja na kipande kidogo cha nyama ya chaza mwingine. Chaza hurudishwa baharini, naye huifunika punje ile kwa matabaka ya lulu. Lulu hizi za duara zilipofika katika soko la London mwaka 1921, wafanyabiashara walipatwa na kiwewe. Zilikuwa zikimeta vilevile, na zilitengenezwa na kiumbe yuleyule. Mvutano ukafika hadi mahakamani Paris. Je, hizi ni lulu au si lulu?

Nawaomba wanafunzi walitazame swali hilo kwa makini. Halikuwa swali la uzuri, kwa sababu jicho halikuona tofauti. Wala halikuwa swali la udanganyifu peke yake, kwa sababu Mikimoto mwenyewe hakuficha namna alivyozipata. Lilikuwa swali la akiba. Watu waliokuwa wamefungia utajiri wao katika lulu za asili walihitaji ukuta wa kutenganisha mali yao na mali mpya, na kwa kuwa jicho lilishindwa kuujenga ukuta huo, waliiita sayansi iujenge.

Mwaka 1925, kitengo cha wafanyabiashara wa almasi, lulu na vito cha Chemba ya Biashara ya London kilifungua maabara katika eneo la Hatton Garden na kumwajiri Basil Anderson, kijana aliyesomea kemia na madini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutenganisha lulu za asili na za kukuzwa. Chombo kimoja kilichotumika kilikuwa kimebuniwa Ufaransa: sindano yenye uwazi ndani, iliyobeba vioo viwili vidogo sana. Sindano iliingizwa katika tundu la lulu iliyokwisha kutobolewa, kisha mwali wa mwanga ukapitishwa. Lulu ya asili ina matabaka yanayozungukana kama kitunguu, hivyo mwanga ulizunguka ndani yake na kurudi kwenye kioo cha pili. Katika lulu ya kukuzwa mwanga uliifikia ile punje ya gamba, ambayo matabaka yake yamelala sambamba kama kurasa za kitabu, ukapotea njia na kutokea upande wa nje. Kwa lulu ambazo hazikutobolewa, eksirei zilifanya kazi hiyo: madoa yaliyojitokeza kwenye picha yalionyesha mpangilio wa fuwele za ndani.

Ni sayansi nzuri, na sina nia ya kuidharau. Maabara hiyohiyo ndiyo iliyopokea, mwezi Novemba 1945, jiwe dogo la zambarau hafifu kutoka kwa Richard Taaffe wa Dublin. Taaffe alilinunua kwa sonara likiwa limechanganyika na mawe mengine, akaona kuwa kila mstari ulioangaliwa kupitia jiwe hilo ulionekana kuwa miwili, jambo lisilowezekana katika spineli. Anderson na wenzake walilipima, na mwaka 1951 ulimwengu ukatangaziwa madini mapya, taaffeite. Ilikuwa mara ya kwanza kwa madini mapya kugunduliwa kutokana na kito kilichokwisha kukatwa. Miongo kadhaa baadaye, taaffeite ilipatikana pia katika changarawe za Tunduru, kusini mwa Tanzania. Mchimbaji wa Tunduru angeweza kuishika mkononi na kuiuza kwa bei ya spineli ya kawaida, kwa kuwa kilichoifanya iwe adimu ni kipimo, nacho hakikuwa mkononi mwake.

Vyeti viwili vya Ghuba

Ukuta uliojengwa London ulikuwa na upande wa pili, nao ulikuwa Ghuba. Kuwait, Bahrain na miji ya pwani hadi Dubai na Sharjah iliishi kwa lulu. Kila majira ya joto majahazi yalitoka kwa miezi kadhaa. Mpiga mbizi alishuka kwa uzito wa jiwe lililofungwa kwenye kamba, pua imebanwa kwa kibanio, akakusanya chaza kwa pumzi moja, kisha mwenzake akamvuta juu. Aliishi kwa mkopo wa nahodha, na mara nyingi deni lilimfuata msimu hadi msimu.

Hapa ndipo historia ya lulu inapotugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mahitaji ya lulu na tende duniani yaliongeza mahitaji ya nguvukazi katika Ghuba, na sehemu ya nguvukazi hiyo ilikuwa watumwa waliotolewa katika pwani yetu na bara yake. Wengi wao waliwekwa kwenye majahazi ya lulu. Mkufu uliopimwa kwa sindano ya vioo London ungeweza kabisa kuwa umeokotwa chini ya bahari na mtu aliyezaliwa nyuma ya Kilwa au Bagamoyo.

Watu hao nao walikuwa na cheti chao. Watumwa waliofanikiwa kutoroka walikwenda katika ofisi za Uingereza huko Bushehr, Bahrain, Muscat na Sharjah kuomba hati ya uhuru. Afisa aliandika maelezo yao: jina, mahali walikozaliwa, namna walivyotekwa, mabwana waliowamiliki, kazi waliyofanya. Maelezo mengi ya aina hiyo yamehifadhiwa London hadi leo, na kazi inayotajwa tena na tena ni kupiga mbizi.

Basi katika miaka ileile ya 1920, himaya moja ilikuwa ikitoa vyeti viwili. Kimoja kilitolewa Hatton Garden, kuthibitisha kwamba lulu ilizaliwa yenyewe bila mkono wa mtu. Kingine kilitolewa Ghuba, kuthibitisha kwamba mtu aliyeiokota hakuwa tena mali ya mtu. Vyeti hivyo viwili havikukutana kamwe. Lulu ilipotangazwa kuwa ya "asili", neno hilo lilizungumzia chaza tu, halikuzungumzia jahazi. Hadi leo cheti cha maabara hurithi ukimya huo.

Je, cheti kiliiokoa Ghuba? Hapana. Maabara iliweza kuzitenganisha lulu, lakini haikuweza kumlazimisha mnunuzi alipe bei ya zamani. Lulu za Japani ziliongezeka, mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukawafilisi wanunuzi, na uchumi wa lulu ukaanguka. Bahrain ilinusurika kwa sababu mafuta yalipatikana huko mwaka 1932. Hata hivyo, haikuiacha lulu iende zake. Imepiga marufuku biashara ya lulu za kukuzwa, na mwaka 1990 ilianzisha maabara yake ya kupima lulu na vito. Mwaka 2012 urithi wa lulu wa Muharraq uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mwaka 2017 ikazinduliwa taasisi kubwa zaidi, DANAT. Ilichukua miaka 65 tangu Hatton Garden kwa kipimo kufika mahali lulu yenyewe ilipotoka. Lakini kilifika, na leo cheti cha Bahrain kina uzito katika soko la lulu za asili.

Dodoma ilijua

Mwaka huohuo wa 1925, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha idara ya jiolojia, na makao yake yakawa Dodoma. Haikuanzishwa kwa ajili yetu. Ilianzishwa ili watawala wajue kilichomo ardhini. Lakini taasisi hurithiwa, na baada ya uhuru tulirithi ramani, sampuli na maabara. Taasisi hiyo ndiyo tunayoijua leo kwa jina la GST.

Mwaka 1967 mawe ya buluu yenye kuelekea zambarau yalianza kuonekana katika vilima vya Mirerani. Jumanne Ngoma anatambuliwa na serikali yetu kuwa mgunduzi, na mwaka 2018 alitunukiwa shilingi milioni 100. Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha, alisajili kitalu mwaka huohuo wa 1967. Lakini ni jiwe gani? Wapo waliodhani ni yakuti ya buluu. Lilikuwa laini mno kuwa yakuti, na lilikuwa na tabia ya ajabu: ukiligeuza, kila upande lilionyesha rangi tofauti, buluu, zambarau, kisha wekundu wa kahawia.

Sampuli zilisambaa. GIA, taasisi ya jemolojia ya Marekani, ilitoa jibu kwamba ni aina ya zoisaiti. Wataalamu wa Harvard, Heidelberg na jumba la makumbusho la Uingereza walifikia jibu hilohilo. Hata hivyo, anayetajwa kuwa wa kwanza kulitambua kwa usahihi ni Ian McCloud, mwanajiolojia wa serikali ya Tanzania aliyekuwa akifanya kazi Dodoma. Na si ajabu, kwa kuwa zoisaiti ya kijani yenye yakuti nyekundu ilikuwa tayari inajulikana Longido tangu miaka ya 1950. Mwenye sampuli za jirani hulitambua jiwe mapema kuliko aliye mbali.

Nalirudia jambo hili kwa sababu mijadala yetu mingi huanza na dhana kwamba hatukujua. Dodoma ilijua. Ofisi ya serikali yetu ilikuwa na jibu sahihi mapema kuliko maabara zenye majina makubwa. Kilichokosekana hakikuwa elimu. Hapakuwa na njia ya kuifanya elimu hiyo isikike pale bei ilipokuwa ikipangwa. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York iliona kwamba jina "zoisaiti ya buluu" haliuziki, na husimuliwa kwamba kwa Kiingereza lilikaribia mno kusikika kama neno la kujiua. Ikalipa jiwe jina la tanzanite. Jina zuri, lenye heshima kwa nchi yetu, lakini lilichaguliwa dukani New York kwa hesabu za dukani. Hata zoisaiti yenyewe ilikuwa imepewa jina mwaka 1805 kwa heshima ya Sigmund Zois, kabaila wa Ulaya. Majina yote mawili yalitoka kwa watu walioshika kalamu, si walioshika sururu.

Jiwe hili linatufundisha jambo jingine kuhusu mipaka ya maabara. Tanzanite nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia. Hupashwa moto katika tanuri, kiasi cha nyuzijoto 500 hadi 600, kahawia ikatoweka na buluu ikajitokeza. Kwa kawaida hakuna kipimo kinachoweza kusema kwa uhakika kwamba jiwe fulani limepashwa moto na mwanadamu au na ardhi yenyewe. Maabara yenye heshima hukiri hivyo. Uaminifu wa cheti umo pia katika yale ambayo kinakataa kuyasema.

Bei ya mahali

Tangu wakati huo swali limebadilika. Zamani mnunuzi aliuliza, "Hiki ni nini?" Leo anauliza pia, "Kimetoka wapi?" Yakuti nyekundu yenye cheti kinachosema Burma huweza kupata bei kubwa kuliko nyingine ya uzuri uleule iliyotoka kwingine. Ili kujibu swali hilo, maabara hutazama ndani ya jiwe kwa hadubini, kisha hupima vipengele vilivyomo kwa kiasi kidogo mno, kwa kuligonga kwa leza kijisehemu kisichoonekana kwa macho.

Lakini mashine peke yake haijui mahali. Inajua kulinganisha. Maabara kubwa za Uswisi, Marekani na Asia zina makabati ya sampuli zilizokusanywa migodini, nyingine na wataalamu wao wenyewe waliosafiri hadi huko. Yakuti za Winza, wilayani Mpwapwa, zilipoibuka mwaka 2007 na 2008, haikuchukua muda kabla ya wataalamu wa nje kufika, kukusanya na kuchapisha: nyuzi nyembamba zilizopinda ndani ya mawe hayo sasa zinajulikana kama alama ya Winza. Spineli za Mahenge nazo zimepata jina lake sokoni kwa njia hiyohiyo. Siwalaumu wataalamu hao. Walifanya kazi ambayo mtafiti hufanya. Ninachosema ni kwamba kabati lile ndilo daftari, na ufunguo wake uko mbali na Mpwapwa.

Nini kifanyike

Tanzania haijakaa kimya. Ukuta wa kilomita 24.5 umezungushwa Mirerani na ulizinduliwa mwaka 2018. Masoko ya madini yalianza kufunguliwa mwaka 2019. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania kinachofundisha vijana kutambua na kukata vito. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliuza mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Haya ni mambo ya kujivunia. Hata hivyo, ukuta huzuia jiwe lisitoroke. Hauwezi kuzuia maneno yanayosemwa juu ya jiwe hilo likishafika ng'ambo.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma nina mapendekezo matatu, yote yakitokana na historia niliyoieleza.

Kwanza, hazina ya taifa ya sampuli. Kila mgodi wa vito unaofunguliwa, na kila mwamba mpya unaofikiwa, utoe sampuli chache kwa GST, zikiandikwa mahali, kina na tarehe. Gharama yake ni ndogo. Mgodi ukishafungwa, sampuli hizo hazipatikani tena kwa fedha yoyote.

Pili, mpimaji asiwe mkusanya kodi. Anayepima ili kukadiria mrabaha ana sababu ya kupandisha. Anayepima kwa niaba ya muuzaji ana sababu ya kusifu. Maabara ya London ilimilikiwa na wafanyabiashara, lakini isingaliaminika kama isingekuwa tayari kuwaambia wafanyabiashara haohao kwamba lulu zao si za asili. Cheti chetu hakitaheshimiwa kwa tangazo la waziri. Kitaheshimiwa siku kitakapotoa jibu ambalo serikali yenyewe haikulipenda.

Tatu, kipimo kimfikie mchimbaji mdogo kabla ya dalali. Katika masoko ya madini iwepo meza ya kupima kwa ada ndogo, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili anachokisoma. Mchimbaji wa Tunduru anastahili kujua kama alichoshika ni spineli au ni taaffeite akiwa bado nacho mkononi.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina ombi tofauti. Zile hati za uhuru za Ghuba zilihifadhi kitu ambacho hakuna cheti cha lulu kilichokihifadhi: jina la mtu, mama yake, kijiji chake, na kazi aliyolazimishwa kuifanya. Ni kumbukumbu za uchungu, na ziliandikwa kwa kalamu ya mkoloni, lakini bila hizo tusingejua walikuwa nani. Tukijenga hazina yetu ya mawe, tuongeze safu moja katika daftari, kando ya mahali, kina na tarehe. Iandikwe jina la aliyelitoa jiwe ardhini. Sheria haihitaji kubadilishwa ili hilo lifanyike. Inatosha karani aliyeko kwenye meza ya kupokea sampuli aulize jina na kuliandika.